Mabati ya Watoto Vipofu na Ng'ombe wa Baba Mkwe

Bwana Mhariri, nisamehe nimechelewa mno. Nilitaka kuandika tangu masika, lakini nina mtoto mchanga mgongoni, na kila nikishika kalamu kuna ng'ombe wa kukamua au mahindi ya kuvuna. Jina langu ulifiche. Wazee mnaosoma, shikamooni.

Nina miaka ishirini na mitatu, nilisoma hadi darasa la nne, nimeolewa kwa wafugaji huku tambarare za Hanang. Binti yangu wa kwanza ana miaka saba. Surua ilimpofusha, naye anakaa bweni katika shule ndogo ya watoto vipofu. Masika yaliyopita matope yalishuka mlimani yakabomoa bweni lao. Hakufa mtoto, ila walilala darasani juu ya majani mabichi, wanakohoa.

Basi ukaitishwa mchango mnadani, Bwana Shauri mwenyewe, yule Mzungu mkuu wa wilaya, akiwepo. Niliwaonea aibu watu wazima. Mwenye duka mmoja alitoa kioo cha ukutani. Kioo, kwa watoto vipofu, na akapigiwa makofi. Mwingine alitoa hotuba, akaketi. Ndipo akasimama baba mkwe wangu, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote kwetu, akavuta mtamba mweusi hadi mbele ya yule Mzungu. "Huyu ni wa vipofu. Uzeni, chinjeni, mfanye mtakavyo. Sitaki kuuona tena hata mkia wake."

Mwalimu wa shule yao akamuuza siku ile ile, akanunua mabati, bweni likaezekwa. Nilipokwenda kumwona, binti yangu aliniambia, "Mama, siku hizi mvua inapiga kelele juu lakini hainigusi."

Sasa Bwana Shauri amehamishwa, na baba mkwe anasema hakumtoa yule mtamba, alimweka tu. Kwetu mwenye ng'ombe wengi huweka baadhi katika maboma ya wengine. Wewe unakunywa maziwa, ng'ombe na ndama wanabaki wake. Ni desturi nzuri, imelea watoto wengi. Yeye ameifanya shuka ya kufunika uroho wake. Anataka ng'ombe wake, au mabati yang'olewe aezekee ghala lake. Akamtuma mume wangu kwangu na maneno haya: "Kamwulize mkeo, asiyeona atajuaje kama juu yake kuna bati au nyasi?"

Nikamwambia apeleke jibu kwamba atajua akilowa. Hakulipeleka. Akaniuliza, "Mama watoto, hayo maziwa unayowapa wanao ni ya ng'ombe wa nani?"

Hapo ndipo penye ugonjwa. Waliosikia mnadani ni wengi, na karibu kila mmoja ana ng'ombe wa mzee bomani mwake. Wanaume wenye mikuki, wanaojisifu wameua simba, wamekuwa viziwi kwa kibuyu cha maziwa. Mwalimu naye ni mgeni, hawamsikilizi.

Baraza la kuamua shauri hili litakaa kabla ya vuli. Nilikwenda kujiandikisha niwe shahidi, karani akasema lazima nimtaje jina kwa mdomo yule ninayetoa ushahidi juu yake, kuandika hakutoshi. Na kwetu mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba wa mumewe, maisha yake yote. Nikilitamka mbele ya watu nitafukuzwa, na mume wangu si mtu wa kunitetea. Nikinyamaza, mtoto wangu analowa.

Juzi nikichota maji, peke yangu, nililitamka. Sikufa. Ni jina fupi tu, kama la mtu yeyote.

Nishaurini wenzangu. Nilitamke barazani nikiwa bado mke wa mtu, au nihamie kwanza kwa mama yangu na wanangu ndipo niliseme? Kunyamaza msinishauri.

Na wenye nia ya kutoa kweli, bwenini bado panahitajika misumari ya bati ratili mbili, blanketi sita, na sufuria moja kubwa ya uji. Vioo msitume. Mimi mwenyewe nahitaji mwanamume mmoja aliyekuwepo mnadani siku ile na bado ana masikio. Mmoja ananitosha.