Sanduku la Nwakaego

Siku tuliyomzika Anayo, mdogo wake, Okwudili, alimvua marehemu saa ya dhahabu kabla jeneza halijafungwa, akaivaa yeye. Mjane, Nwakaego, alikuwa amekaa chini chumbani, kichwa kimenyolewa. Kwetu Nnewi mjane aliye katika eda hagombei mali. Aliyaona yote kupitia mlangoni.

Alichobaki nacho ni sanduku la saa ile na karatasi zake. Akavifukia ndani ya gunia la maharage.

Okwudili alipoipeleka saa sokoni Onitsha, wauzaji walimcheka.

“Saa ya namna hii haina sanduku, haina karatasi? Bwana mkubwa, umemkaba nani?”

Wakampa bei ya kumtukana. Ndipo alipoanza kumtembelea mjane, mkononi viazi vikuu.

“Shemeji, nipe lile sanduku. Lakufaa nini?”

“Naweka hereni.”

“Si umevua hereni zote?”

“Nitavaa tena. Karibu wiki ijayo.”

Mimi ni katibu wa ukoo, na jirani wa mjane. Aliwahi kuniambia, “Viazi vyake navila polepole. Wala sina haraka. Namtaka mbele ya watu.”

Eda ikaisha, akavua nguo nyeusi. Okwudili naye akampata mnunuzi, Chifu Ezenwanne, mtu asiyenunua saa isiyo na karatasi. Okwudili akauitisha ukoo mzima, Chifu akiwepo, ili tumlazimishe mjane. Kola, kokwa chungu ya baraka na kiapo, ikavunjwa, tukala.

“Ndugu zangu,” alisema Okwudili, bado anatafuna, “vya marehemu ni vya ukoo. Karatasi ziifuate saa!”

“Na kama saa si ya marehemu?” aliuliza Nwakaego.

“Ilikuwa mkononi mwa nani, mwa mbuzi?” Watu wakacheka.

“Basi sema mbele ya kola kwamba mwenye jina kwenye karatasi ndiye mwenye saa.”

“Nasema! Atakayebisha, kola imkwame kooni!”

Nwakaego akaliweka sanduku mezani, bado lina vumbi la maharage. Chifu akavaa miwani, akaushika mkono wa Okwudili, akalinganisha namba ya ubavuni mwa saa na ya kwenye karatasi. Ni ile ile. Akasoma chini kidogo, akasita.

“Nwakaego ni nani?”

“Ni mimi. Nilimnunulia mume wangu kwa faida ya vitenge vyangu.”

Hakuna aliyecheka tena. Mali aliyoichuma mke haigawanywi na ukoo, na neno lililosemwa mbele ya kola halimezwi. Okwudili alikuwa hajawahi kuwaza kwamba mwanamke angeweza kumnunulia kaka yake kitu cha thamani ile.

“Mama, nakupa bei kamili,” alisema Chifu.

“Siuzi.” Akamgeukia Okwudili. “Vua.”

Okwudili akahangaika na kifungo. Nwakaego hakumsaidia. Alinyoosha kiganja, akangoja.

Sasa huivaa kila tunapokutana, inamning’inia mkononi kama bangili. Huchagua kiti kinachotazamana na cha Okwudili, akakaa, akamuuliza kwa upole:

“Shemeji, ni saa ngapi?”

Okwudili hutazama jua.