Maka Alivyousaka Mlio wa Pikapu

Maka alijifunza kuendesha gari akiwa mtu mzima mwenye wajukuu. Mji wa Habaswein ulicheka mpaka ukachoka. Alipofiwa na mumewe, alirithi usukani wa pikapu kuukuu iliyobanduka rangi, akawa anakusanya maziwa ya ngamia malishoni kila alfajiri na kuyafikisha mjini kabla basi la Garissa halijaondoka. Hakuna aliyecheka tena, maana nusu ya wanawake wa soko walikuwa wakila kwa gari hilo.

Basi pikapu ikaanza kunguruma. Injini ilikuwa nzima kabisa. Mlio ulitoka chini, vuuuu, ukapanda kadiri mwendo ulivyopanda, hata aliyekaa pembeni yako ikabidi umpigie kelele.

Shemeji yake Dagane, mdogo wa marehemu, hakuchelewa kutoa hukumu.

"Shemeji, gari hili limekufa. Wallahi litakuua barabarani. Kuna mtu wa Mandera ananunua vyuma chakavu, anakuja Alhamisi."

Wazee wa ukoo wakakata shauri. Mlio ukipatikana na kuponywa kabla ya Alhamisi, gari libaki na Maka. La sivyo, liuzwe. Likiuzwa, maziwa yataganda malishoni na Maka atarudi kukaa nyumbani akisubiri kuletewa. Wazo hilo lilimchoma kuliko msiba wenyewe, na hakuona haya kulisema.

Hanad, fundi wa pale stendi, alimweleza wazi. "Mama, spea inatoka Garissa. Tukiagiza isiyo yenyewe, Alhamisi itatukuta hapa hapa. Niambie mlio uko wapi, nami nitafungua hapo."

Sasa, Maka alikulia nyuma ya ngamia. Kwao ngamia hufungwa kengele ya mti shingoni, na msichana akitumwa kumtafuta aliyepotea hakimbii huku na huku. Husimama, huwanyamazisha wenzake, akaichambua kengele moja katikati ya kengele za kundi zima. Mtu wa namna hiyo utamfundisha nini kuhusu kusikiliza?

Akawaita wenzake watatu wa maziwa. Ikran akakaa mbele kushoto, Sado nyuma kushoto, Kaha nyuma kulia.

"Kila mtu na gurudumu lake," Maka akawaambia. "Atakayepiga soga namshusha."

Gari likaingia lami, nao hawakufika mbali.

"Ni langu!" Sado akapaza sauti.

"Lako lina nini? Ni langu hili!" Kaha akajibu, ungedhani wanagawana nyama.

"Abaayo, dada yangu, hapa kwangu shwari," akasema Ikran.

Maka akaiacha lami, akaingia kwenye mchanga wa kando kwa mwendo ule ule. Mlio wa tairi hubadilika barabara ikibadilika. Huu haukubadilika, vuuuu ilikuwa pale pale chini ya mchakacho wa mchanga. Tairi zikatoka lawamani. Akarudi kwenye lami tupu, akayumbisha gari kushoto, uzito ukaegemea kulia: mlio ukavimba. Akaliyumbisha kulia: ukanywea.

"Ni kulia!" akasema. "Kaha, ni chini yako?"

Kaha akainama, akatega sikio, kisha akagonga bodi. "Si chini yangu. Ni mbele yangu!"

Mbele yake palikuwa na Maka mwenyewe. Siku zote hizo alikuwa amekaa juu ya ugonjwa. Akacheka peke yake.

Kwa Hanad wakalipiga jeki. Maka akalizungusha gurudumu kwa mkono mmoja, mwingine ameuweka juu ya springi, akahisi mkwaruzo kama mtama unasagwa kiganjani. Gurudumu la kushoto lilizunguka kimya. Beringi ya mbele kulia ikaagizwa, moja tu. Siku ya Jumatano ikaletwa na basi.

Hanad alipofungua, harufu ya nyama iliyoungua ikatoka, na paka wa soko akaja mbio. Mahali pa grisi palikuwa na mafuta ya mkia wa kondoo, yale yale wafugaji wanayopaka kamba, ngozi na kila kinacholia.

Maka akageuka taratibu. Mtu mwingine pekee aliyewahi kuliendesha gari hilo alikuwa amesimama mlangoni, akilitazama paa.

"Dagane. Ile siku ulipolichukua kwenda harusini Hadado."

"Maji ya mvua yaliingia kwenye gurudumu, shemeji. Grisi hatukuwa nayo. Na kondoo tulikuwa tumeshachinja…"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Maka alikasirika kwanza, akamwambia maneno ambayo hayaandikiki, kisha kicheko kikamshinda naye.

Alhamisi mtu wa Mandera alifika na kamba ya kukokotea gari. Alimkuta Maka keshakaa kwenye usukani, madumu yamejaa nyuma. Mbele ya wazee mnunuzi huyo akamwuliza Dagane, kama mila ilivyo kumwuliza mwanamume, analiuza gari kwa masharti gani.

Dagane akakohoa.

"Mimi si wa kuulizwa. Mwenye gari ni Maka, na hauzi."

Hakuna aliyewahi kulitamka hilo mbele ya wazee. Machozi yakamtoka Maka, akayaacha yashuke yalivyotaka. Akawasha injini, akaondoka. Kwenye lami akafungua kioo na kutega sikio. Alisikia upepo tu, na madumu yakigongana.