Kipa Niliyemtuma Regina Mara Thelathini na Moja

Mimi Lorne Pawluk nimewahi kuwa kipa wa hoki ya barafuni. Nalisema mapema kwa sababu kwa miaka ishirini nimekuwa nikiwaambia watu jambo hilo bila kuulizwa. Kwetu Wakaw, mji mdogo wa Kanada, nilisimama langoni misimu miwili, na katika mechi yangu ya mwisho tulifungwa kumi na moja na vijana wa Cudworth, mji ambao hata sisi tulikuwa tukiucheka. Baba aliitazama mechi yote akiwa ndani ya gari. Tulipofika nyumbani alimwambia mama ni afadhali nisomee uhasibu.

Nikasomea. Nilihesabu ngano ya watu ghalani miaka tisa, kisha klabu ya Saskatoon ikatafuta mtu wa kusimamia kikomo cha mishahara. Kwenye ligi yetu kila klabu imewekewa kiasi cha mishahara kisichovukwa, na kiasi hicho huhesabiwa siku kwa siku. Mchezaji akilala Saskatoon, mshahara wake wa siku hiyo unaingia kwenye hesabu. Akipelekwa timu yetu ya pili kule Regina, hauingii. Mke wangu Verna huwaeleza wageni kwamba kazi yangu ni kuhesabu watu kama magunia, nami nilikuwa nikicheka nikidhani ananisifu.

Msimu ninaousimulia tulikuwa na makipa wawili. Wa kwanza alikuwa Anssi Kettunen, Mfini wa dola milioni sita, ambaye nilimpigia debe mwenyewe mbele ya meneja wetu, Garnet Lusk, kwa hoja kwamba kipa humjua kipa. Tulipokwisha kumlipa, maji yalikuwa yamezidi unga. Wa akiba alikuwa Corwin Friesen, mtu wa Rosthern, miaka ishirini na saba, mpole, mrefu hadi anainama milangoni. Mkataba wake ulikuwa na mishahara miwili: akiwa Saskatoon alipata dola elfu nne na mia tatu kwa siku, na akiwa Regina hazikufika mia nne.

Hapo nikajiona nimeng'amua. Siku zisizo na mechi, Friesen anakaa Saskatoon kufanya nini? Nikimpeleka Regina Jumapili na kumrudisha Jumatano, nimeokoa zaidi ya dola elfu kumi. Nilimwonyesha Garnet mpango huo kwenye karatasi ya rangi tatu. Akausoma, akaniambia mimi ni mtu hatari. Neno hilo nililitembeza mtaani wiki nzima.

Mwanzoni Friesen alihama kwa karatasi tu. Ligi ikatuandikia kwamba mchezaji akipelekwa, lazima aende kweli. Basi akawa anaendesha gari lake mwenyewe, kilomita mia mbili sitini kwenda na nyingine kama hizo kurudi, pedi zake zimejaa kiti cha nyuma. Wachezaji wakambandika jina la Kifurushi. Kila akiingia chumba cha kubadilishia nguo walimwuliza kama amegongwa muhuri. Hakunilalamikia hata siku moja, na mimi kimya chake nikakihesabu kama saini.

Kufikia Februari alikuwa ametumwa mara thelathini na moja. Nilikuwa nimeweka kando dola laki mbili na zaidi, za kumnunua beki kabla dirisha la usajili halijafungwa. Na kwa kuwa mla ng'ombe hashindwi na mkia, nikagundua kwamba nikimrudisha asubuhi ya mechi badala ya jioni iliyotangulia, naokoa siku moja zaidi.

Jumatano moja alasiri Friesen alinipigia simu kutoka Regina.

"Bosi, redio inasema tufani inakuja. Nije leo leo?"

"Lala huko. Kesho asubuhi kutakuwa shwari."

Nilisema hivyo macho yangu yakiwa kwenye kikokotoo. Dirishani sikutazama.

Kesho yake saa nne asubuhi Kettunen alivuta msuli wa nyonga mazoezini, akatolewa barafuni amebebwa. Dakika kumi baadaye Friesen akapiga simu: gari lake limeteleza mtaroni karibu na Davidson, mkulima mmoja amelivuta kwa trekta, yeye mzima, lakini gurudumu limepinda. Garnet alinitazama. Nikachukua funguo.

Nilifika Davidson saa nane mchana, nikiendesha kwa kukisia barabara ilipo. Nilipomkuta Friesen mkahawani, polisi walikuwa wameshafunga njia pande zote mbili. Mechi ilikuwa saa moja jioni. Kipa wetu ghali alikuwa kitandani, wa bei nafuu alikuwa mbele yangu anakunywa supu ya viazisukari vyekundu, na mimi niliyewapanga wote wawili nilikuwa na theluji ndani ya viatu.

Mwenye mkahawa, mama mmoja aitwaye Ottilie Haubrich, alimwita Friesen kwa jina na kumwongezea supu bila kuombwa. Kumbe kila safari alikuwa akipumzika pale. Nilipojitambulisha, mama alinikagua toka kofia hadi viatu.

"Kumbe ni wewe unayemrusharusha mtoto wa watu kama mpira," alisema. "Na mkewe ana mimba ya miezi minane, yuko peke yake."

Sikuwa nikijua kama ana mke. Nilijua mshahara wake hadi senti ya mwisho.

Ligi ina kanuni: kila mji huweka kipa wa dharura, raia yeyote anayeweza kusimama langoni. Wetu alikuwa Wendell Nykiforuk, daktari wa meno, miaka arobaini na mbili. Tulimsikiliza kwenye redio ya mkahawa. Bao la kwanza liliingia kabla sijamaliza kuvua koti. Kila mara mtangazaji alipotaja shuti, mabega ya Friesen yalicheza, kushoto, kulia, kama mtu anayeota. Daktari aliokoa mengi kuliko tulivyotarajia, akafungwa tisa.

"La tano si kosa lake," Friesen alisema. "Mabeki walimwachia watu wawili."

Nikamwomba radhi, kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika. Nikamwambia hata mimi nilikuwa kipa. Akatabasamu.

"Najua, umeshaniambia mara nne." Kisha akaweka kijiko chini. "Mzee, hesabu hiyo hata mimi naijua. Siku sitini za mshahara wa Regina. Zile laki mbili unazojivunia zimetoka mfukoni mwangu. Pesa ningevumilia. Lakini Janelle akinipigia simu usiku, huanza kwa kuniuliza niko mji gani."

Nikaenda kulipia supu yake.

Njia ilifunguliwa kesho yake. Nilimwendea Garnet, nikamwambia Friesen hatumwi tena. Alikubali upesi, kwa sababu magazeti yalikuwa yamejaa picha za daktari wa meno. Kwa pesa nilizookoa tulimnunua beki aitwaye Brisbois, akacheza mechi nne, akavunjika mguu. Tulikosa mchujo kwa pointi moja. Binti wa Friesen alizaliwa Machi, babaye akiwapo.

Kiangazi nilimpelekea mkataba mpya, mshahara mmoja popote atakapolala, nikautoa kama mtu anayetoa figo yake. Aliusoma wote kwa heshima. Akaniambia ameshakubaliana na klabu moja ya Ujerumani. Watamlipa kidogo, lakini uwanja uko dakika saba kutoka nyumbani.

Garnet akaniagiza nimtafutie kipa wa akiba mwingine. Nilikuwa na majina matatu. Niliwapigia wote, nikauliza habari za familia, na wawili wa kwanza wakadhani mimi ni tapeli, wakakata simu. Wa tatu alizungumza nami saa nzima. Alikuwa ghali kuliko wenzake wote. Garnet alinirudishia karatasi mara mbili. Mara ya tatu alisaini, akaniambia kama huyu akituaibisha, mimi nitauza tiketi mlangoni.

Mechi yake ya kwanza alifungwa saba. Verna, aliyekuwa amekaa kando yangu, aliniuliza kwa upole kama kofia za wauza tiketi hutolewa na klabu au hununuliwa.