Maji ya Mgeni

Kwa miaka mingi, kila nilipoulizwa, nilisema nilichota kwa mkono wangu. Si kweli. Sampuli yangu ya kwanza ya maji nilichotewa, nami nimekaa kwenye kiti, viatu nimevua, natafuna karanga.

Siku ya kwanza kazini niliingia ofisi ya maji hapa Lubumbashi nikiwa na diploma ndani ya bahasha, kikwembe kilichopigwa pasi mara mbili na viatu vya visigino. Mkurugenzi, ambaye abakosti yake, ile suti isiyo na tai, ilimkaba shingo, hakuiangalia bahasha. Alinipa chupa sita na kuniita «citoyenne», mwananchi, kama tulivyoitana wote enzi zile.

«Citoyenne, kila chupa unaisukula mara tatu na mayi ya kisima chenyewe, unaimwanga. Kisha unachota weye mwenyewe. Chupa haiko na diplome. Itasema tu kile uliweka ndani.»

Nilitumwa katika mji mdogo wa wakulima, upande wa Mokambo. Karakana moja ya kuoshea madini ilikuwa imechimba shimo la kumwagia maji yake ya asidi, bila kulitandika udongo wa mfinyanzi chini, kisha ikafunga milango na kuondoka. Asidi ilizama ardhini pamoja na shaba, na visima vikaanza kuwa na ladha ya msumari.

Mama Ngoie, mkulima wa mahindi na maharagwe, alikuwa na kisima uani kwake. Aliangalia miguu yangu kwanza.

«Karibu, mama ingénieur! Na bile biatu, ulikuya kupima mayi ao kucheza rumba? Ikala. Leta chupa.»

Nilikaa, nikampa. Alirudi nimekwisha kumaliza sahani nzima ya karanga. Kisima kilikuwa hatua ishirini kutoka kwenye kiti changu. Mimi, niliyefaulu hesabu chuo kikuu, sikuipiga hesabu hiyo.

Maabara ilikuta maji safi kabisa. Nikaandika: maji yanafaa kunywewa. Nikatia sahihi yenye mkia mrefu.

Masika yalipokwisha, Mama Ngoie aliingia ofisini na birika lake. Akaliinamisha mbele ya mkurugenzi. Ndani lilikuwa la kijani, rangi ya kutu ya shaba.

«Karatasi yenu inasema mayi iko muzuri. Batoto banalia na tumbo. Basi kunyweni.»

Mkurugenzi aligeuka kwangu. «Nani alichota?»

«Mimi, citoyen directeur.»

«Kwa mukono yako?»

«Kwa mkono wangu.» Nikaongeza kwamba labda maabara ilichanganya chupa. Fundi wa maabara alikemewa mbele yangu, nami nikatazama dirishani.

Nilirudi kule na ndara. Nilimuuliza Mama Ngoie alichota wapi siku ile.

«Ku chemchemi, nyuma ya kilima. Mugeni banamupatiaka mayi muzuri! Ungetaka nikupatie ile mubaya, bantu baseme nini?»

Mara hii nilichota mwenyewe. Karatasi ya kupimia asidi ikawa nyekundu, na uso wangu pia.

Kusafisha kulichukua miaka. Tulichimbua udongo wa shimo lile, tukamwaga chokaa, ambayo huua asidi na kuifanya shaba igande. Tulizamisha piezometa, mabomba membamba ya kuchungulia maji ya chini, tukavuta maji ya visima na kuviacha vijae upya, mafuta ya pampu yalipopatikana. Maji ya chini ya ardhi hutembea polepole kuliko faili la serikali. Mkurugenzi wa pili alitaka pampu iandikwe kaulimbiu ya chama. Wa tatu alipenda ramani, hakupenda matope.

Mwishowe vipimo vikawa vizuri, mwezi baada ya mwezi. Nikaandika tena: maji yanafaa kunywewa. Hakuna aliyeniamini. Kila nilipokwenda, Mama Ngoie alinywa na kunipa maji ya chemchemi, na kila mara alikipanda kilima kile polepole zaidi. Sahihi yangu ilikuwa imekwisha kuharibika. Nilistaafu hivyo. Fundi wa maabara alifariki kabla sijamwambia ukweli.

Siku hizi, hapa nyumbani, mtaa wa Makomeno, vijana wa kazi hii huja na vipimo vinavyotoa jibu kabla hujaketi. Navisifu, kisha nawaangalia viatu.

Juzi simu ililia. Alikuwa Mama Ngoie, kwenye simu ya mjukuu wake, akipiga kelele kana kwamba yuko ng'ambo ya mto.

«Mama ingénieur! Bakwe balikuya jana kuposa mujukulu wangu. Bantu bakubwa, na bakofia!»

«Hongera, mama. Mulibapokea vizuri?»

«Nilibapatia mayi.»

«Ya chemchemi?»

«Ya kisima.»

Nilikaa chini. «Balikunywa?»

«Balikunywa,» akasema, «bakaomba ingine.»