Mama Amepanda Nduma Baharini

Jamani, leo mama yangu amelima bahari.

Msicheke bado.

Tumetoka Kibugu, Embu, kuja kutembea Pwani. Matembezi mepesi, kinamasi tambarare, hakuna hata kilima cha kusingizia uchovu.

Mama akaona lile tope jeusi kando ya mikoko. "Shamba kama hili linakaa bure?"

Na miche ya nduma, yale magimbi yanayopenda tope, alikuwa nayo kwa mkoba. Kwetu huendi kwa watu mikono mitupu.

Akainama, akapanda mistari miwili, imenyooka kuliko barabara yetu.

Tukaenda kuzunguka mji wa kale. Kurudi, shamba hakuna. Ni maji tu, na nduma zinaelea zikienda zao.

Mama akawaka! "Nani amefungulia maji? Niitieni mwenyekiti wa mradi!"

(Nyumbani maji ya shamba ni ya zamu, na vita vyake mnavijua.)

Bwana Athmani, mwenyeji wetu, akamjibu kwa upole: "Mama, maji haya yaletwa na mwezi."

Mama akatazama juu. Jua tupu.

"Hata mwenyekiti wa kwetu, mchana humpati."