Kumpita Mzee Bila Salamu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa nzima kabla ya wakati, nina kalamu mbili na shati lililopigwa pasi, nikaambiwa nivue viatu. Nilikuwa na miaka arobaini na saba. Nilikuwa na shahada ya zamani ya fasihi na miaka mingi ya kuandika makala kuhusu michezo iliyoigizwa na wengine. Sasa nilikuwa mwanafunzi wa cheti cha sanaa za maonyesho hapa Kilosa, pamoja na vijana watano ambao wote ningeweza kuwazaa. Wastaafu wa kweli husimulia utumishi wa miaka thelathini. Wangu ulidumu miezi minne. Nitausimulia hivyo hivyo, ili kijana anayeutamani ukumbi wa maonyesho ajue kilichomo.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa Msimamizi wa Mchezo, yaani mtu anayeamua nani asimame wapi na ageuke lini. Tulimwita Mwalimu Neema. Alikuwa na miaka ishirini na minane.

"Shikamoo, baba," aliniambia.

"Marahaba."

"Haya, tembea kama mtu mwenye ng'ombe mia mbili."

Nilitembea hadi ukutani na kurudi.

"Hapana, baba. Huyo ni mtu anayetafuta miwani yake."

Nilipewa kumwigiza Mhoja, mfugaji aliyehamia kutoka kanda ya ziwa. Sehemu ya Mzee Kibwana, mkulima, alipewa Idi, kijana wa miaka ishirini na miwili kutoka Malolo, mpole, asiyeweza kunipitia mbele bila kuinama. Mchezo uliandikwa neno kwa neno, na ugomvi wake wote ulianzia kwenye kitendo kimoja: Mhoja anampita Mzee Kibwana penye shamba bila kumsalimia. Mzee anaghadhibika, maneno yanazaa maneno, mapanga yanatoka. Mhoja akisalimia, mchezo hauna pa kuanzia.

Wiki mbili za kwanza tulifanya usomaji wa mezani, yaani kusoma sehemu zetu tumekaa, bila kuigiza, mpaka kila mmoja ajue neno la mwisho la mwenzake linalomwashiria aanze. Hapo nilikuwa bingwa. Kusoma nimekaa ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Mtihani wa kwanza ulikuwa Mikumi, kwenye ukumbi ulio kando ya barabara kuu. Idi alipakwa unga kichwani na kuvalishwa maleba, ndiyo mavazi ya mchezo: kanzu iliyofifia na koti la kale. Nilipotokea, nikamwona mzee halisi. Salamu niliimeza, lakini mkono ulipanda wenyewe, ukavua kofia, na shingo ikainama. Watu wakacheka.

Mtahini wa Nje, mtu mwembamba aliyeandika hata pale ambapo hapakuwa na kitu cha kuandika, alituita pembeni.

"Huyu mfugaji amemheshimu adui yake," alisema. "Mmebakiza onyesho la Kilosa. Alama ni ya kundi. Mkiacha tena maandishi, wote mnarudia mwaka."

Nilimtazama Idi. Shule moja Dumila ilikuwa imemwekea nafasi ya kufundisha sanaa muhula unaofuata, ikisubiri cheti tu.

"Utaweza, baba," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemuaga mgonjwa.

Basi nikaanza mazoezi mitaani. Kila asubuhi nilitoka kwenda kuwapita wazee bila salamu. Siku ya kwanza nilimpita bibi anayeuza vitumbua karibu na kwetu. Aliuacha moto akanifuata.

"We baba, umeamkaje leo? Au nimekukosea?"

Niliongeza mwendo. Jioni mke wangu aliniuliza kama nina homa, maana watu watatu walikuwa wamekuja kunipa pole. Lakini wiki ya tatu nilikuwa nimeiva. Nilimpita hata babu wa msikitini, macho mbele, shingo imesimama kama mti wa bendera. Kilosa ilianza kunichukia, nami nikajipongeza.

Onyesho lilifanyika alasiri, uwanjani karibu na soko. Hatukuwagawa watu, walijigawa: wakulima kushoto, wafugaji kulia na fimbo zao, na katikati nafasi ambayo hakuna aliyetaka kuikalia. Mtahini alikaa hapo.

Nilitoka nyuma ya shuka lililokuwa pazia letu. Idi alikuwa ameinama, akipalilia. Nikamkaribia. Nikampita. Hatua moja, mbili, tatu. Sijawahi kufanya jambo vizuri namna ile.

"Wee! Simama hapo!"

Sauti ilitoka kulia. Mzee mrefu wa upande wa wafugaji alikuwa amesimama, fimbo amenielekezea.

"Huyo unayemwigiza ni mtu wetu?"

Niliendelea kutazama mbele. Kanuni ya kazi ni kwamba hadhira ikikusemesha, unabaki ndani ya mhusika.

"Ng'ombe wetu kuingia mashambani, hilo siwezi kubisha. Wameingia. Lakini nani kakwambia sisi tunapita wazee kama visiki? Rudi umwamkie!"

"Mwacheni!" kijana mmoja alipaza sauti kutoka kushoto. "Si ndivyo mlivyo?"

Vijana wa kulia wakasimama. Wa kushoto nao. Nyuma ya shuka nilimsikia Mwalimu Neema akinong'ona kwa ukali, "Endelea, baba! Endelea!" Mtahini alikuwa ameinua kalamu, ananisubiri. Niliujua mstari wangu uliofuata, ulikuwa tusi. Nilitazama zile fimbo, nikageuka, nikarudi hatua zangu tatu.

"Shikamoo, mzee."

Idi akaganda. Miezi minne yeye ndiye aliyeniamkia mimi, kila asubuhi. Amelelewa vizuri, na mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kumwitikia marahaba mtu wa umri wa baba yake. Uwanja mzima ulikuwa ukisikiliza. Sasa mfugaji alikuwa amesalimia, na mkulima ndiye aliyenyamaza.

"Itikia basi!" mama mmoja wa upande wa kushoto alimkemea. "Mzee mzima, unatuaibisha mbele za watu!"

"Mara..." Idi alisema. Unga ulimdondokea begani. "Marahaba, mwanangu."

Upande wa kulia fimbo zikashuka. Kisha Idi, ambaye hajawahi kubadilisha hata nukta, akaongeza, "Ng'ombe wako wako wapi?"

"Wako kwenye mahindi yako, mzee."

"Wangapi?"

"Wote."

Mama yule akaguna. Mzee mrefu akakaa, akasema kwa sauti, "Sasa hapo mzungumze." Tukazungumza, na kila tulipokwama, kushoto au kulia walituongezea maneno, mengine makali. Mapanga yetu ya mbao yalibaki nyuma ya shuka. Mchezo wa saa nzima uliisha katika dakika ishirini.

Mtahini alikuwa tayari amefunga daftari.

"Maandishi hayakufuatwa," alisema. "Kundi linarudia mwaka."

"Aliyeyaacha ni mimi," nilisema. "Idi alijibu tu nilichomwambia."

"Alama ni ya kundi."

"Basi nitoe kwenye kundi. Wape mtu mwingine, waufanye upya."

Alifungua tena daftari. "Na wewe?"

"Mimi nimestaafu."

Alikubali. Mwalimu Neema alilia kidogo, kisha akaniomba nirudishe kofia ya maleba.

Baada ya wiki mbili waliurudia, darasani, mlango umefungwa, mbele ya Mtahini peke yake. Niliruhusiwa kukaa nyuma. Mhoja mpya, kijana wa mwaka wa pili, aliingia na shingo imenyooka, akampita Mzee Kibwana bila kumtupia hata jicho. Hakuna aliyesimama. Mtahini aliandika, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilishika magoti yangu kwa mikono yote miwili, nikamwacha apite.

Walifaulu wote.