Nyavu za Vitunguu

Mama yangu alichimba maji akapata nepi.

Kwa asiyejua kwetu, nieleze kwanza. Mto wetu, kama mito mingi ya Makueni, huwa mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Maji yako chini. Unashuka na koleo, unachimba shimo, unangoja yajikusanye, kisha unachota kwa kikombe mpaka mtungi ujae, unampakia punda na kupanda naye. Mama amechota hivyo tangu aolewe. Siku hiyo nilikuwa nimeenda kumtembelea, nimechutama kando ya shimo na kikombe changu, koleo likanasa kitu. Akavuta. Ikatoka nepi imevimba, nzito, imejaa mchanga na mambo mengine ambayo sitayataja kwa kuwa huenda unasoma haya ukila.

Mama aliiweka kando, akasogea juu kidogo, akaanza shimo lingine. Huko nako akatoa kipande cha nailoni na chupa ya soda. Ndipo akakaa juu ya mtungi wake na kuniambia kwa Kikamba, taratibu kabisa, "Mwaka huu nitakuja kukaa kwako sokoni. Maji ya hapa yamekufa."

Nilikasirika mpaka masikio yakapata joto. Mama yangu si mtu wa kukaa kwa mtu. Nimembembeleza aje nilipo tangu baba afariki, na kila mara hunijibu kwamba kaburi la baba haliwezi kujifagia. Leo nepi ya mtoto wa watu ndiyo ingemhamisha nyumbani kwake? Na ubaya ni kwamba nilijua ilikotoka.

Ilitoka sokoni kwetu. Nina hoteli ndogo pale, kwenye barabara ya kwenda Kalamba: chai, maandazi, na muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa, na maharagwe kwa wenye njaa ya kweli. Nyuma ya vibanda kuna korongo, na sisi sote tulilitupia kila kitu. Ukimuuliza mtu mbona anatupa pale, atakujibu, "Mvua itabeba." Na kweli mvua ilibeba. Hakuna aliyekuwa akiuliza ilikuwa inabeba kumpelekea nani.

Sasa, juma hilo hilo ndipo tulipotangaziwa mkutano katika ukumbi wa kanisa. Kulikuwa na rasimu ya kanuni mpya za soko, na wananchi tulitakiwa kutoa maoni kabla hazijapitishwa. Niliposomewa rasimu yenyewe nilisimama na sufuria mkononi. Kamati ya soko ilikuwa imependekeza korongo letu lifanywe jaa rasmi. Yaani tutupe vilevile tulivyokuwa tukitupa, lakini sasa kwa idhini, na lori la soko lije kumwaga humo taka za vituo vya biashara vya jirani pia.

Nilifunga hoteli siku ya mkutano, ingawa ilikuwa siku ya soko. Wateja wangu wanajua kwamba nikifunga hoteli siku ya soko, kuna mtu atajuta.

Ukumbi ulijaa. Mbele alikaa mwenyekiti wa soko, mwanamume mnene mwenye kipara kinachong'aa, muuza vifaa vya ujenzi na mzee wa kanisa. Kando yake alikaa msichana aliyetumwa kuandika maoni yetu, mpole, kompyuta mapajani. Mwenyekiti alishika kipaza sauti kwanza.

"Mimi sitaki kupoteza muda ya watu," alisema. "Wafadhili walituletea mapipa hapa, si mnakumbuka? Ya green, ya blue, ya yellow. Zilikaa? Kesho yake hakuna hata moja. Sasa nani ataniambia ati watu wa hapa wanaweza ku-sort takataka? Korongo iko, ni free, tumalizane na hii story."

Watu walicheka, kwa maana ilikuwa kweli. Mapipa yale yalikuwa makubwa, mapya, yana vifuniko vinavyofunga sawasawa. Yalipangwa vizuri mbele ya soko jioni, na kulipokucha yakawa yamekwenda. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuliangalia lile la kijani kwa jicho la kuposa, nikachelewa tu.

Nilisimama bila kungoja kipaza sauti. Sauti yangu haijawahi kuhitaji msaada.

"Mwenyekiti, hizo mapipa hazikuibwa na wakora," nikasema. "Unawekea Mkamba pipa mpya, iko na kifuniko, na kwake hana maji. Halafu unamwambia aweke maganda ya ndizi ndani! Hata wewe ungebeba."

"Na alibeba!" mwanamke mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. "Ile ya blue iko kwake, inakinga maji ya mvua chini ya gata!"

Ukumbi ulipasuka. Mwenyekiti alijipangusa kipara. Nilimhurumia kidogo, lakini si sana. Kicheko kilipotulia niliwaambia habari ya shimo la mama. Sikupamba. Nilisema ni nepi, nikasema ilivyokuwa, nikawauliza ni nani pale ndani ambaye hana mama, au shangazi, au mke wa ndugu, anayechimba maji katika mto ule. Hakuna aliyenyoosha mkono. Nikasema, "Mkipitisha hii kitu, mama yangu anahama kwake. Na wenu watafuata."

Yule msichana aliinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Basi mama, tuseme korongo tumetoa," aliniuliza. "Ungetaka niandike nini badala yake?"

Nakiri sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Mimi nilikuja kugomba, na mgomvi haendi na jibu. Lakini kwenye miguu yangu palikuwa na vitunguu nilivyokuwa nimenunua nikija, ndani ya wavu wao mwekundu, na niliuona kana kwamba nauona mara ya kwanza. Nikaunyanyua juu, vitunguu vikining'inia.

"Andika hii. Wavu. Kila kibanda itundike zake: moja ya chupa na plastiki, ingine ya karatasi. Haishiki maji, kwa hivyo hakuna mtu ataiba. Na mtu akipita, anaona kila kitu umeweka ndani."

Safari hii hawakunicheka. Mtu mmoja akapiga makofi, wakafuata wengine. Baada ya hapo maoni yalimiminika kuliko alivyoweza kuandika. Wenye mbuzi walitaka maganda yatiwe kwenye beseni ili wayachukue wakiwa hayajachanganyika na nailoni, maana kila mfugaji pale amewahi kupasua tumbo la mbuzi akakuta donge la mifuko. Muuza nguo akasema kwenye ushuru tunaolipa kila siku ya soko litengwe fungu la usafi. Mwingine akasema nepi haziuziki wala haziliki, basi zichimbiwe shimo lenye ua huko mlimani, mbali na mto, na lori lizichukue. Asiyetenganisha taka zake asipewe leseni mwaka unaofuata. Hilo la leseni lilipigiwa makofi na wale wote ambao hawakudhani lingewahusu.

Mwenyekiti alijaribu mara ya mwisho. "Sawa. Na hiyo yote imejaa korongo, nani atatoa? Mimi?"

"Mwethya," tulijibu karibu kwa pamoja.

Ukamba haukuchimba matuta yake kwa trekta. Tuliyachimba kwa mwethya, kazi yetu ya pamoja, kila kijiji na sehemu yake, kila mtu na jembe lake, asiyefika anatozwa kuku. Kwa nini tusisafishe korongo vivyo hivyo? Mikono ilihesabiwa, na jaa likafutwa kwenye rasimu mbele ya macho yetu. Msichana aligeuza kompyuta tuone wenyewe pale lilipokuwa limeandikwa. Nilitaka kumkumbatia. Nilimpa vitunguu badala yake, naye akakataa kwa heshima, akisema haruhusiwi kupokea kitu.

Mwethya wetu ulichukua siku nyingi kuliko tulivyotegemea. Vijiji vilishindana kwa nyimbo na kwa matusi ya utani. Kijiji cha mume wangu kilipewa sehemu ya chini, iliyooza zaidi, nami nikaambiwa ni kwa sababu ya mdomo wangu. Chini kabisa tulichimbua mifuko ile ya kubebea iliyopigwa marufuku zamani, bado mizima, bado imeandikwa majina ya maduka ambayo wenyewe walishafunga na wengine walishazikwa. Wanawake tulisimama tukaisoma kama watu wanaosoma mawe ya makaburi. Ilinitia hofu, kusema kweli. Sisi tungekufa, na nailoni ingebaki ikitutangaza.

Kanuni zilipopitishwa, nyavu zilitundikwa. Nilidhani kazi imekwisha. Wapi! Juma la kwanza watu walichanganya kila kitu, na mnunuzi wa chupa kutoka Sultan Hamud akaja, akatazama, akaondoka na gari tupu. Lakini wavu una jambo lake moja: mwenye macho haambiwi tazama. Siku ya soko iliyofuata, kwenye wavu wa mwenyekiti mwenyewe, katikati ya chupa safi, ilikuwa imelala nepi. Sijui ni mjukuu wake au ni adui yake aliyeitia. Wauza mboga walilipita duka lile wakiimba wimbo wa kubembeleza watoto. Kutoka siku hiyo, hakuna aliyekuwa mkali kama mwenyekiti. Alikuwa akizunguka vibanda na fimbo, akichokoa nyavu za watu, akifoka, "Hii ni nini? Hii inaenda kwa beseni! Mnataka tuonekane washamba?" Nilimwambia akili ni nywele, kila mtu ana zake. Akashika kipara, akacheka mpaka akakohoa.

Mnunuzi wa chupa alirudi, akapakia, akarudi tena. Sasa hapiti siku ya soko bila kusimama kwetu. Wafanyabiashara kutoka Mtito Andei walikuja kutuuliza tulifanyaje, na mwenyekiti akawaeleza jinsi alivyobuni wazo la nyavu. Nilikuwa namimina chai. Nilimwachia.

Mama peke yake ndiye hakusifu. Muda wote huo alikuwa bado anachimba juu na chini akitafuta mahali safi, na mizigo yake ameifunga. "Mtaongea mpaka lini," alisema. "Nitaamini mto ukija."

Kwetu mto huja. Mvua ya Novemba inaweza kunyesha vilimani nawe uko juani, kisha unasikia ngurumo isiyo ya mbinguni, na kila mtu anakimbilia ukingoni. Nilikuwa kwa mama siku hiyo. Tulisimama na majirani, wazee kwa watoto, tukitazama ile kona ya mwambani. Miaka yote, kichwa cha maji kilitokea pale kikisukuma mbele yake ukuta wa mifuko, chupa, ndala na nepi, na watu tulikuwa tumeshazoea.

Maji yalitokea. Yalikuwa mekundu, mazito, yanakimbia. Yalisukuma povu, matawi, majani, samadi ya ng'ombe, na mti mzima wenye mizizi juu. Nikangoja yafuatayo. Hayakufuata. Ilipita chupa moja tu, ikiyumbayumba peke yake, na watu wakaizomea kama mlevi aliyeingia kanisani. Kisha jirani yetu mmoja akaanza kupiga vigelegele, na ukingo mzima ukaitikia, nami nikalia waziwazi, sikuficha.

Maji yalipokauka juu, nilirudi tukashuka na mama mchangani. Hakunipa koleo. Alichimba mwenyewe, pale pale alipotoa ile nepi, polepole, akilisambaza kila koleo la mchanga na kulichunguza kwa vidole. Mchanga. Mchanga. Mchanga uliolowa. Maji yakaanza kujikusanya, machafu kwanza, akayatupa, kisha yakaja meupe. Akachota, akanywa akiwa amefumba macho, akanipa nami ninywe.

"Sasa panda uende ukauze chai yako," aliniambia. "Mimi siendi mahali."